Mashua za tanga Goma: kupanga mashindano kabla upepo haujageuka

Kwa mashindano ya mashua tano au sita kwenye ziwa Kivu, kwanza pangeni saa, njia itafuata. Usiku na alfajiri hewa baridi hushuka milimani kuja ziwani. Jua likishapasha nchi kavu, upepo hugeuka, unatoka ziwani kwenda mjini. Katikati ya pepo hizo mbili kuna utulivu, na hapo ndipo watu hudanganyika: maji yametulia kama sahani, wanapandisha tanga zima. Anzeni saa mbili asubuhi, mbio zisizidi dakika 40, na saa nne kila mashua iwe imevutwa juu. Kuanzia Septemba hadi Mei msiilegeze saa hiyo. Dhoruba hupenda kuja mchana.

Upepo wa mchana una ubaya mwingine. Unakusukuma kwenye mawe ya volkano, ambayo hupasua mbao haraka. Nanga usiitegemee, maana karibu na Goma kina huzidi kamba upesi. Upepo wa asubuhi hukupeleka maji wazi, ambako pirogi ya motere ina nafasi ya kukufuata.

Boya la juu, ambalo mashua huzunguka, likae karibu na kando ya ziwa, upande upepo unakotoka. Pimeni kina kwa kamba yenye fundo kila mita 2, ongezeni nusu ya kina hicho, ndipo mfunge gunia la mawe. Mstari wa kuanzia uwe mita 400 nje ya boya. Huko maji ni marefu, kwa hiyo pirogi mbili zishike ncha zake, moja ikiwa na motere. Mashua 6 za mita 4 ni mita 24. Ongezeni nusu, mstari uwe mita 36. Ukiwa mfupi zaidi zinagongana. Njia yote iwe magharibi ya mji, mpaka na Rwanda uko karibu mno upande wa pili. Pigeni filimbi zikibaki dakika 5, 4, 1, kisha ya kuanza. Filimbi tatu mfululizo maana yake mbio zimevunjwa, wote warudi, bila mjadala wa nani alikuwa mbele.

Kabla ya kuingia majini, kila mtu avae jile (koti la kuelea) na kuifunga. Chini ya viti fungeni bidoni nne tupu za lita 20. Kila moja hubeba karibu kilo 20 mashua ikijaa maji. Kati ya kifuniko na mdomo wa bidoni wekeni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Bidoni isiyofungwa kwa kamba huchomoka na kwenda zake, mashua inabaki chini. Chukueni pia kafi mbili na ndoo iliyofungwa kamba.

Sasa upepo wa ghafla. Dalili zake ni pazia la mvua upande wa Sake, ubaridi usoni, kisha mstari mweusi juu ya maji. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hukata kilomita moja kwa dakika moja na nusu, na kupunguza tanga kwa mikono iliyolowa huchukua zaidi ya hapo. Kwa hiyo punguzeni mkiona pazia, msingoje mstari. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye tanga huwa mara nne. Ukikukuta tanga likiwa zima, achia kwanza demani (kamba ya kuongozea tanga), kisha elekeza omo, yaani mbele ya mashua, kwenye upepo. Kosa la kila siku ni kuzungusha demani kwenye kigingi na kupiga fundo: lazima ikae mkononi. Ukiona radi na ngurumo ikafika ndani ya sekunde 30, iko kilomita 10 au chini yake. Pigeni filimbi tatu.

Mashua ikipinduka, msiiache kuogelea. Mmoja ashike omo igeuke kwenye upepo, mwingine aachie demani, apande juu ya ubao wa mkuku, ule ulio chini ya mashua, na kuegemea nyuma. Ukiinua na tanga limejaa upepo, itapinduka tena upande wa pili.

Mkishatoka majini, msipumzike kwenye mashimo au mabonde madogo ya kando. Mazuku ni hewa nzito isiyoonekana, hukaa chini pasipo upepo, mbaya zaidi asubuhi. Panya au ndege waliokufa shimoni ni ishara tosha. Mtu akianguka humo, usimwinamie. Mvute kwa kamba ukiwa juu.