Somo: Kumaliza skafu ya kwanza bila kuiharibu mwishoni

Jambo wamama, jambo vijana. Wengi wenu skafu imeshazunguka shingo mara mbili na bado mnafuma tu, kwa sababu mnaogopa kufunga vitanzi vya mwisho ili skafu itoke kwenye sindano bila kufumuka. Mvua ya Bukavu haingoji mtu, basi tufunge.

1. Pima uzi kwanza. Ulaze juu ya skafu, ukienda na kurudi kwa upana. Ukivuka mara tatu na ikabaki shibiri ya mkia, unatosha. Usipotosha, fumua mstari mmoja. Ni afadhali kuliko kuunga uzi mpya katikati ya ukingo.

2. Funga. Fuma vitanzi viwili. Kwa ncha ya sindano ya kushoto, chukua kile ulichotangulia kukifuma, kipitishe juu ya mwenzake, kiachie. Fuma kingine, pitisha tena. Hapa ndipo mkono unapokaza kwa hofu, na ukingo unabana hadi skafu inakuwa nyembamba upande mmoja. Kila baada ya vitanzi kumi hivi, vuta ukingo kwa vidole: uvutike sawa na kitambaa kilicho chini yake. Mwenye sindano za 4 mm ashike ya 5 mm mkono wa kulia kwa mstari huu tu. Kikibaki kitanzi cha mwisho, kata uzi, upitishe ndani yake, vuta.

3. Ficha mikia. Fundo peke yake halitoshi, hasa kwa akriliki, uzi unaoteleza. Chukua sindano butu ya tundu kubwa, pita chini ya mishono ya upande wa nyuma kama sentimita 5, kisha rudi ulikotoka. Ndipo ukate.

4. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo. Usikamue, viringisha ndani ya taulo, kandamiza, kisha ilaze ikauke. Kwenye kamba maji huivuta, ikarefuka ovyo. Pasi ya moto isiguse akriliki: italegea na hairudi tena.

Maswali

Dada wa Kadutu: Yangu inajikunja pembeni. Nikiosha itanyooka?

Jibu: Umefuma mstari mmoja mshono wa kawaida (uzi ukiwa nyuma ya sindano), unaofuata mshono wa nyuma (uzi ukiwa mbele), sivyo dada? Kitambaa hicho ndiyo tabia yake. Kuosha kutapunguza tu, na kwa akriliki hata hutaona tofauti. Safari ijayo, vitanzi vinne vya kila pembeni vifume mshono wa kawaida mistari yote. Hii ya sasa vaa hivyo hivyo, shingoni haionekani.

Mama wa Bagira: Mimi natumia spoki za baiskeli. Hiyo sindano nene nitaitoa wapi?

Jibu: Huihitaji, mama. Fuma vitanzi viwili kwa pamoja, ukiviingia kwa nyuma. Kitanzi kilichopatikana kirudishe sindano ya kushoto, kifume tena na kinachofuata. Ukingo utavutika. Ila spoki ina kama milimita 2, hivyo iwekee uzi mwembamba wa nguo za mtoto. Uzi mnene unatoka mgumu.

Kijana wa Ibanda: Nimeshafunga, sasa naona kitanzi kilichoanguka katikati. Nifumue yote?

Jibu: Hapana. Kizuie haraka kwa pini kisishuke zaidi. Kipandishe kwa sindano ya kroshe, ngazi moja moja, hadi kwenye ukingo, kisha kishone kwa nyuma na kipande cha uzi ule ule.