Ploti iliyokuwa gereji: namna ya kuchagua njia ya kuisafisha kabla ya kujenga

Mwezi wa tatu Hajati mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, alinipeleka kwenye ploti yake ya futi 50 kwa 100. Ilikuwa gereji kwa miaka mingi. Upande wa barabara kuna tangi la dizeli lililozikwa. Nyuma, chini ya mwembe, mafundi walikuwa wakivunja betri, wakimwaga asidi na kuyeyusha risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri.

"Mwanangu, nataka vyumba kumi vya kupangisha. Hii harufu itaisha tukimwaga zege?"

"Harufu itafichika kwa muda, Hajati. Kinachonitia hofu ni kile kisichonuka."

Nimesimamia ujenzi mjini hapa muda mrefu. Jinja ni mji wa viwanda. Hata shaba ya mgodi wa Kilembe ililetwa hapa kwa treni kuyeyushwa. Ploti za namna hii ni nyingi, na kosa ninaloliona kila mara ni mwenye mali kuanza na bei. Anza na sumu: ni ipi, iko wapi, na itamfikia mtu kwa njia gani. Dizeli huliwa na bakteria. Risasi haiozi, haigeuki mvuke ardhini, hailiwi na chochote. Inakaa kwenye vumbi mpaka mtoto aliyekuwa akicheza chini atie kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo kwanza tafuta mzee aliyefanya kazi pale. Sisi tulimpata fundi mstaafu, akazunguka na fimbo akichora chini: hapa tangi, hapa tulimwaga oili chafu, hapa betri. Saa moja yake ilitupunguzia mashimo mengi ya kuchukulia sampuli. Chini ya mwembe tulichukua udongo wa juu, sentimita 5, kisha wa sentimita 30 na 60. Penye tangi tulishuka hadi chini ya kitako chake. Sampuli ya mafuta ijaze chupa ya kioo hadi mdomoni, ifungwe vizuri, iwekwe kwenye barafu na kufika maabara haraka. Ya risasi inatosha mfuko safi wa plastiki.

Ukiona maji ya bondeni yanang'aa rangi za upinde wa mvua, usishtuke kabla hujayachokoza kwa kijiti. Utando ukivunjika vipande na kubaki hivyo, ni bakteria wa chuma, kawaida ya kinamasi. Ukirudi kuungana, ni mafuta. Na kama kuna kisima au chemchemi watu wanakochota, pima maji hayo kabla ya kitu kingine chochote. Yakiwa na mafuta, wazuie watu kuchota na uwaarifu NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Hilo limeshavuka mpaka wa ploti yako.

Sasa njia zenyewe. Kuchimba na kuhamisha ndiyo ya haraka, na ndiyo inayowafilisi watu wasiopima. Ploti ya Hajati ina mita za mraba kama 465. Ukichimba nusu mita kote, ni mita za ujazo 232. Udongo ukishachimbwa hufura, tuseme kwa robo, unapata 290, yaani safari 29 za tipa ya mita 10. Lakini doa la risasi lilikuwa mita 6 kwa 5, kina sentimita 40: safari mbili tu.

Kisha uliza udongo unakwenda wapi. Kazi moja ya zamani, mwenye tipa alituambia ameumwaga panapostahili. Baadaye niliukuta, na vipande vyeusi vya betri ndani yake, umejazwa kwenye kiwanja cha familia moja kando ya kinamasi, mihogo imepandwa juu. Aliuuza kama udongo wa kujazia. Tangu hapo nataka mbebaji mwenye leseni ya NEMA ya taka hatari, na karatasi ya kupokelewa kwa kila safari.

Udongo wa dizeli tuliuozesha palepale. Tandika karatasi nzito ya plastiki yenye kingo, changanya udongo na kinyesi kikavu cha kuku na maganda ya kahawa ili upate hewa, funika mvua isiusombe, geuza kila wiki. Unyevu upime kwa mkono: ukifinyanga ushikamane, lakini maji yasidondoke. Joto letu linasaidia. Dizeli huchukua miezi. Oili nzito ya injini huchukua muda zaidi. Petroli siipendi kwa njia hii, sehemu kubwa inapaa tu kwenda puani mwa jirani.

Kufunika kwa zege au kwa udongo safi kunafaa kwa risasi iliyobaki, mradi ichorwe kwenye ramani ili fundi bomba wa kesho asiifukue. Kwa mafuta hakufai: mvuke hupenya nyufa za sakafu na kuingia chumbani. Fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea ambayo Sukulu kule Tororo ina mwamba wake, huifunga risasi isiyeyuke kirahisi kwenye maji, lakini risasi inabaki palepale. Naichukua kama msaada tu. Kunyonya mvuke kwa mabomba kunafaa mchangani. Udongo wetu mfinyanzi haupitishi hewa.

Kabla ya jembe la kwanza, mwone afisa mazingira wa jiji. Sheria ya Mazingira ya 2019 si ya viwanda vikubwa peke yake. Na tangi lisikatwe kwa moto wala grainda kabla mvuke haujatolewa na mtu anayejua. Tangi tupu hulipuka.

Hajati alitaka mwembe ubaki, basi kuzunguka mizizi tulichota kwa koleo na mikono, mafundi wamevaa glavu na barakoa, udongo umeloweshwa kwanza vumbi lisiruke. Pale patakuwa maegesho yenye zege. Vyumba tumevisogeza mbele. Lundo la dizeli limefikisha miezi mitatu, sampuli za pili zimekwenda maabara, na msingi hatuchimbi hadi majibu yarudi.