Somo: Halmashauri inavyoweza kuhimiza majengo ya kijani kwa kuanzia kwenye kibali cha ujenzi

Somo hili limekusudiwa madiwani, watendaji wa kata na maofisa mipango miji wa kanda ya kati ya Tanzania. Kwa jengo la kijani nina maana ya jengo linalotumia maji na umeme kwa kiasi, lisilohitaji feni mchana kutwa ili likalike, na ambalo vifaa vyake havikupatikana kwa kufyeka msitu. Halmashauri haihitaji chombo kipya cha kulihimiza, kwa kuwa inacho tayari kibali cha ujenzi.

Hatua ya kwanza: anzeni na majengo yenu. Mwananchi hatakubali kuhimizwa kuvuna maji ya mvua ilhali paa la zahanati ya kata yake linamwaga maji yote uwanjani. Hesabu yenyewe ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata takriban milimita 550 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, hivyo paa la mita za mraba 100 hupokea lita 55,000. Ukiondoa moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 44,000, katika jiji ambalo kwa miaka mingi limetegemea visima vya bonde la Makutupora.

Hatua ya pili: ambatanisheni orodha fupi ya ukaguzi na fomu ya kibali. Jambo la kwanza katika orodha hiyo liwe uelekeo wa nyumba. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi, na kuta zinazoungua ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Urefu wa nyumba ulale mashariki–magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi upate baraza au mti. Hapa lakini pana jambo ambalo wengi hulisahau: mwenye kiwanja chembamba kinachotazama barabara iliyo magharibi hana uhuru wa kugeuza nyumba, kwa sababu uelekeo wake ulikwisha kuamuliwa siku viwanja vilipopimwa. Ofisa mipango miji anayechora mitaa mipya ya Nala au Ihumwa ndiye anayeamua joto la sebule ambazo bado hazijajengwa.

Orodha hiyo itaje pia dari, matundu ya hewa juu ya dari, na mifereji ya paa. Wagogo walilijua suala la joto zamani. Tembe, nyumba yao ya asili, kwa kuta zake nene na paa la udongo, hubaki na ubaridi jua likiwa kali. Sisemi turudi kwenye tembe, maana paa lake huvuja mvua ikizidi, lakini bati lisilo na dari ni tanuri.

Hatua ya tatu: toeni kivutio kilicho ndani ya uwezo wenu. Wengi hupendekeza punguzo la kodi ya majengo, nao husahau kwamba tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa viwango vya kitaifa. Halmashauri inabaki na ada ya kibali na muda wa kukishughulikia. Kubadili ada kunahitaji sheria ndogo, yaani Baraza la Madiwani, maoni ya wananchi, ridhaa ya Waziri na tangazo katika Gazeti la Serikali. Kupanga foleni ya pekee kwa maombi yaliyotimiza orodha ni uamuzi wa kiutendaji, na kwa maoni yangu mjenzi huthamini kuokoa wiki tatu za kusubiri kuliko punguzo.

Hatua ya nne: tengenezeni soko la vifaa. Tofali la kuchoma hula kuni nyingi, wakati tofali la kufungamana la udongo na saruji, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelihimiza, hushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Mikopo ambayo halmashauri huvipa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inaweza kununulia kikundi cha vijana mashine hiyo, ila mkopo bila mteja ni mzigo. Halmashauri iwe mteja wa kwanza, kwa madarasa yake.

Hatua ya tano ni ukaguzi wakati wa msingi na wakati wa kupaua, si baada ya rangi.

Maswali ya wanachama

Mtendaji wa kata: Habari za kazi, mwalimu. Kata yangu ina nyumba nyingi zinazojengwa bila kibali. Orodha hii itawafikiaje?

Jibu: Njema, ndugu mtendaji. Kwa kibali haitawafikia. Halmashauri ichore ramani tatu au nne za nyumba ndogo zenye sifa hizi, izitoe bure katika ofisi za kata, na mafundi waelekezwe kuzisoma.

Fundi wa Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Kwa vumbi letu la kiangazi, maji ya bati yanafaa kunywa?

Jibu: Marahaba. Yaacheni yale ya mwanzo yapite; kwa paa la mita za mraba 100, lita 100 za kwanza zimwagwe kupitia bomba la pembeni. Yanayofuata yachemshwe kabla ya kunywa.

Diwani: Je, si afadhali tulazimishe kila nyumba kuvuna maji ya mvua?

Jibu: Mheshimiwa, jimbo la Tamil Nadu nchini India lililazimisha mwaka 2003, hata kwa majengo yaliyokuwapo. Kwetu ningeanza na mapaa makubwa, yaani maghala, hoteli, shule na ofisi, kwa kuwa gharama iko kwenye tangi, ambalo si kila kaya inaweza kulimudu. Tangi la lita 10,000 likijaa mwisho wa Aprili, familia inayochota lita 100 kwa siku italimaliza kabla ya katikati ya Agosti, na mvua itakuwa bado iko mbali.