Vata, pitta, kapha: namna ya kuusoma mwili wako kwa siku 14

Mwaka jana alinijia dada mmoja, nesi, akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa amejibu maswali ya kwenye simu akaambiwa yeye ni vata, moja ya dosha tatu, yaani nguvu tatu ambazo Ayurveda, elimu ya tiba ya India, husema zinaongoza mwili. Kwa miezi minne akala kama vata anavyoshauriwa kula: uji wa moto wenye samli, ndizi mbivu, maziwa kila usiku, ufuta. Alichokipata ni kifua kujaa balghamu, nguo kumbana na usingizi wa mchana usiokwisha. "Mwalimu, nimefuata kila kitu," aliniambia. Na kweli alifuata. Ila maswali yale aliyajibu wakati wa zamu za usiku, akiwa halali usingizi, hali chakula kwa wakati, tumbo limejaa gesi. Majibu aliyoandika yalikuwa ya zile zamu. Zamu zilikwisha, yeye akaendelea kula dawa yake.

Ayurveda ina maneno mawili ambayo maswali ya simu huyachanganya. Prakriti ni umbile lako, mchanganyiko uliotungwa mimba nao, na hubaki nao maisha yako yote. Vikriti ni hali yako ya sasa, namna umbile hilo lilivyosukumwa na kazi, chakula, uzazi, umri au majira. Ninavyokuelekeza hapa ni namna ya kuyatenganisha hayo mawili mwenyewe, kwa daftari, kioo na mazungumzo na mtu aliyekulea.

Hatua ya 1: Zijue dosha tatu kwa sifa zake

Usianze na orodha ya vyakula, anza na sifa. Wahenga wa Ayurveda walisema mwili una vitu vitano: anga, upepo, moto, maji na ardhi. Anga na upepo hufanya vata. Moto na maji kidogo hufanya pitta. Maji na ardhi hufanya kapha. Kwa Kisanskriti vata ni upepo, pitta ni nyongo na kapha ni balghamu.

Vata ni kavu, nyepesi, baridi, inakwaruza, na haitulii. Makao yake makuu ni utumbo mpana. Pitta ni ya moto, kali, ina mafuta kidogo na hutiririka. Makao yake ni sehemu ya kitovu, chakula kinakosagwa. Kapha ni nzito, baridi, laini, yenye utelezi, na hukaa ilipowekwa. Makao yake ni kifua. Hakuna mtu mwenye moja tu. Sote tunazo tatu, tunatofautiana kwa vipimo, na wengi niliokaa nao wana mbili zinazoongoza, kama vata na pitta pamoja.

Ukiwa umelelewa pwani, hili halitakuwa geni sana kwako. Bibi zetu walituambia chakula hiki ni cha baridi, kile ni cha moto, na mzazi aliyetoka kujifungua hapewi cha baridi. Fikra hizo za kwetu zimechanganyika na tiba ya Wayunani iliyopitia kwa Waarabu; ndiyo iliyotuachia maneno balghamu na safura, na safura kwa asili yake ya Kiarabu ni nyongo ya manjano. Mfumo huo una vimiminika vinne, wa India una dosha tatu, kwa hiyo usivilinganishe kimoja kimoja. Lakini lile sikio la kusikia baridi na moto ndani ya chakula, lilete, utalihitaji.

Hatua ya 2: Andika ulivyokuwa

Gawa ukurasa sehemu mbili. Upande wa kushoto andika ulivyokuwa tangu utotoni hadi miaka ishirini hivi, kabla ya kazi, ndoa na madeni. Hapa ndipo unapomhitaji mama, shangazi au bibi, kwa sababu sisi wenyewe hatukumbuki. Muulize hivi:

Nilikuwa mwembamba wa mifupa, wa wastani, au kipande cha mtu? Nikikosa chakula nilikuwaje: nasahau, nakasirika, au sijali? Nilikuwa nalala usingizi wa kushtuka, mfupi lakini mzuri, au mzito hata kuamshwa ni kazi? Nilijifunza haraka nikasahau haraka, au polepole nikashika moja kwa moja? Nikiumwa, nilikuwa mtu wa tumbo na gesi, wa vipele na homa, au wa mafua na kifua?

Jibu la kwanza katika kila swali huelekea vata, la pili pitta, la tatu kapha; swali la kujifunza lina majibu mawili tu, la kwanza la vata na la pili la kapha. Swali la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Ugonjwa uliomrudia mtoto mara kwa mara huonyesha upande ambao mwili wake hulegea upesi.

Kuna jambo ambalo waalimu wangu hawakunifundisha, nimelijua kwa kukaa na watu wa huku. Maelezo ya vitabu vya kale yaliandikwa kwa kuwatazama watu wa India. Ukisoma kwamba kapha ana nywele nzito zenye mafuta, au kwamba pitta ana ngozi nyekundunyekundu, mwenye nywele za kipilipili na ngozi nyeusi atajiona hayupo popote. Achana na rangi kabisa. Jilinganishe na ndugu zako wa tumbo moja. Ngozi yako ilipauka kuliko yao wakati wa upepo mkavu? Wewe ndiye uliyetoka jasho wenzako wakiwa wakavu? Wewe ndiye uliyenenepa kwa wali uleule waliokula wote? Mlikula sinia moja, mkaishi nyumba moja, kwa hiyo tofauti iliyobaki ni ya umbile.

Hatua ya 3: Siku 14 za kuandika ulivyo sasa

Upande wa kulia andika kila siku mambo manne tu. Usibadilishe chakula wala ratiba katika wiki hizi mbili.

Ulimi: uutazame asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Mkavu wenye nyufa ni vata. Mwekundu au wenye utando wa manjano ni pitta. Wenye utando mweupe mzito ni kapha.

Choo: kigumu, kikavu, chenye gesi, ni vata. Cha majimaji, mara nyingi kwa siku, chenye kuunguza, ni pitta. Kizito, cha polepole, chenye utelezi, ni kapha. Watu huona haya kuandika hili, na bila hilo daftari lina pengo kubwa.

Njaa: Ayurveda huita nguvu ya kusaga chakula agni, yaani moto, na huugawa mara nne. Vishama ni moto wa kuyumba, leo una njaa kesho huna. Tikshna ni mkali, chakula kikichelewa unatetemeka na kugomba. Manda ni mlegevu, unakula kwa saa na si kwa njaa. Sama ni ulio sawa, na ndio tunaoutafuta.

Usingizi: andika saa uliyolala na saa uliyoshtuka. Siku ya Ayurveda ina zamu zake: saa 12 hadi saa 4 ni ya kapha, saa 4 hadi saa 8 ya pitta, saa 8 hadi saa 12 ya vata, mchana na usiku vivyo hivyo. Anayeshtuka saa 9 usiku na mawazo yanakimbia, nashuku vata. Anayepata nguvu mpya saa 5 usiku na kuanza kutafuta chakula, nashuku pitta.

Hatua ya 4: Soma pande mbili kwa pamoja

Kushoto na kulia vikifanana, umbile lako limezidi kipimo chake, litulize. Vikitofautiana, kama yule nesi wakati wa zamu zake, anza na kilichovurugika upande wa kulia, na kikitulia uache. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Chakula cha kutuliza ni cha muda, kina siku ya kuanza na ya kumaliza, na mpaka wake ni lile umbile la upande wa kushoto.

Hatua ya 5: Badilisha kitu kimoja kwa siku 7

Kanuni ni fupi: kinachofanana na dosha huiongeza, kilicho kinyume huipunguza. Kwa ladha, vata hutulizwa na tamu, chachu na chumvi. Pitta na tamu, chungu na ladha ya kukaza ulimi kama ya chai kavu. Kapha na kali, chungu na hiyo ya kukaza.

Kwa vata ningeanza na mafuta ya kujipaka, kisha chakula. Chukua mafuta ya ufuta, si yale ya rangi ya kahawia ya ufuta uliokaangwa kwa ajili ya mapishi. Weka kikombe cha mafuta ndani ya bakuli la maji ya moto yapate joto. Sugua miguu na mikono kwa misuguo mirefu, kila kiungo kwa mzunguko, tumbo kwa kufuata upande wa mshale wa saa, na usiache nyayo. Kaa dakika 15, kisha oga maji ya uvuguvugu. Huku kujipaka ndiko India wanakokuita abhyanga. Usifanye ukiwa na homa, ukiwa hujasaga chakula, au kifua kimejaa. Chakula nacho kiwe cha moto, chenye maji na samli kidogo, kwa saa zilezile kila siku; maharage yapungue.

Kwa pitta, punguza pilipili, achari na ukwaju, weka giligilani, tango na dafu, na mlo mkuu uwe saa 6 au saa 7 mchana. Usimwache pitta afunge tumbo bila sababu ya ibada.

Kwa kapha, amka kabla ya jua, tembea hadi utoke jasho, kula choroko na mtama, tia tangawizi. Mtindi usiku acha. Vitabu vya kale vimeukataza wazi. Asali inafaa, lakini usiipike wala usiitie kwenye chai inayochemka.

Hatua ya 6: Jua mpaka

Dosha hazipimwi maabara, nami sizitumii kutambua ugonjwa. Kupungua uzito bila sababu, damu kwenye choo, kiu isiyokatika, maumivu ya kifua: nenda hospitali leo, daftari litakusubiri. Dawa za sukari au presha usiziache kwa sababu umejiona kapha. Mjamzito asijaribu tiba za kuharisha wala kutapisha.

Na vidonge nisikilize vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 nchini Marekani ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Madini hutiwa kwa makusudi katika baadhi ya dawa hizo, zile ziitwazo rasa na bhasma. Mimi simpi mtu hizo. Ukitaka tiba zaidi ya jikoni, tafuta tabibu mwenye shahada. India ni masomo ya miaka mitano na nusu, ukiwemo mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi, na una haki ya kuomba kuiona.

Hatua ya 7: Rudia majira yakigeuka

India wana majira sita na kila moja lina chakula chake. Usiyanakili. Kwetu pwani, fungua daftari upya kaskazi inapoingia na jua kuwa kali, kisha masika yanapoloanisha kila kitu, kisha kusi na baridi yake. Upande wa kushoto usiuguse, andika wa kulia tu.

Yule nesi aliandika siku zake 14. Mama yake alimwambia kwamba alikuwa mtoto mzito, mpole, wa mafua, wa kuamshwa mara tatu. Tulitoa samli na maziwa ya usiku, tukaweka matembezi ya alfajiri na uji wa mtama wenye tangawizi. Wiki ya tatu alinitumia picha ya ulimi wake, utando umeondoka, na chini yake ameandika: zamu za usiku zinarudi mwezi ujao, mafuta ya ufuta nimeshanunua.