Jinsi ya kujinoa kwa kazi zilizoshinda Pulitzer

Tuzo za Pulitzer, zile za Marekani za uandishi wa habari na sanaa, zikitangazwa, siku hizi ni mwezi Mei, kwenye makundi yetu ya WhatsApp hupita orodha ya majina, pongezi mbili tatu, basi. Kazi zenyewe hazifunguliwi. Na zipo bure kwenye pulitzer.org: washindi wote tangu 1917 wameorodheshwa, na kazi nyingi za kihabari kuanzia 1995 zimewekwa kama zilivyochapishwa. Mimi nahariri makala, na hivi ndivyo ninavyozipitia na waandishi chipukizi. Andaa bando, daftari na kalamu za rangi tatu.

Hatua ya 1: Jua wanashindania nini. Joseph Pulitzer, mhamiaji kutoka Hangaria aliyetajirika kwa magazeti Marekani, alifariki 1911 na kuacha wosia uliozaa tuzo hizi. Husimamiwa na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Upande mmoja ni uandishi wa habari, upande wa pili ni vitabu, tamthilia na muziki. Mshindi hupata dola 15,000, isipokuwa kwenye kipengele cha Utumishi kwa Umma, ambako chombo cha habari hupewa medali ya dhahabu.

Gazeti la Dar au Mombasa haliwezi kushiriki, kwa kuwa kazi ya habari lazima iwe imetoka kwenye chombo cha Marekani. Lakini mwandishi mwenyewe si lazima awe Mmarekani. Khalil Senosi na Sayyid Azim, wapigapicha wa Nairobi, walikuwa kwenye timu ya Associated Press, shirika la habari la Marekani, iliyoshinda 1999 kwa picha za milipuko ya balozi za Marekani Kenya na Tanzania, Agosti 1998.

Hatua ya 2: Anza na sababu ya ushindi. Kila mshindi ameandikiwa sentensi moja ya kueleza kwa nini kapewa. Isome kabla ya kugusa kazi. Ya picha hizo za 1999 inasema zilionyesha kitisho cha tukio na pia utu ulioamshwa nalo. Ni mambo mawili, na yanavutana. Sasa chukua stori unayoifanya wiki hii uiandikie sentensi kama hiyo. Ukiona inagoma, stori haijaiva. Rudi kwa vyanzo vyako.

Hatua ya 3: Pasua aya za mwanzo. Hapa usiwe na haraka. Tafuta Mark Fritz wa Associated Press, mshindi wa 1995 wa habari za kimataifa kwa kazi yake kuhusu mauaji ya Rwanda. Anaandika kutoka kijiji cha Karubamba. Anaanza kwa kusema hapo haishi mtu tena, kisha anakupitisha: wajawazito nje ya kliniki ya uzazi, familia zilizobanana kanisani, mwanamume anayeoza ndani ya darasa, chini ya ubao wenye ramani ya Afrika.

Toa kalamu. Rangi ya kwanza: alichokiona kwa macho yake. Ya pili: alichoambiwa. Ya tatu: maoni yake. Mwanzo wote utajaa rangi ya kwanza. Hakuna takwimu, hakuna ofisa anayelaani, wala neno "kusikitisha" halipo. Ramani ile ya ubaoni ameiweka mwishoni mwa sentensi na hakuifafanua.

Halafu fanyia rangi hizo hizo intro, yaani aya za mwanzo, ya stori yako ya karibuni. Nyingi zinazofika mezani kwangu huanza na mkuu wa wilaya kuwataka wananchi jambo fulani, na ukurasa wote unageuka rangi ya pili. Kama ulifika eneo la tukio, tafuta kitu kimoja ulichokiona mwenyewe ukipandishe juu. Mkuu wa wilaya atasubiri aya ya nne.

Hatua ya 4: Picha zitazame kama mfululizo. Fungua Tyler Hicks wa The New York Times, mshindi wa 2014 kwa picha za shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Usikae kwenye moja inayokushtua. Andika kila picha imepigwa kwa mbali, wastani au karibu, na inaongeza nini ambacho iliyotangulia haina. Ukipata mbili zinazosema kitu kimoja, jiulize ungeitoa ipi.

Hatua ya 5: Mwandishi wa burudani, kipengele chako ni Uhakiki. Roger Ebert alikishinda 1975 kwa uhakiki wa filamu. Wesley Morris mara mbili, 2012 na 2021. Chukua kazi moja ya Morris upige mstari chini ya kila sentensi inayosimulia tu kilichotokea kwenye filamu. Ni chache. Kwetu huku mhakiki husimulia filamu mpaka mwisho, kisha anaipa nyota nne.

Hatua ya 6: Soma na waliokosa. Tangu 1980 waliofika fainali nao hutangazwa. Majaji hupendekeza watatu, bodi ndiyo huamua, na inaweza kuwakosesha wote: 2012 kipengele cha riwaya hakikupata mshindi. Mimi mara nyingine naona aliyekosa alistahili zaidi, na mabishano hayo mezani hufundisha kuliko semina.

Hatua ya 7: Kabla ya kutuma kazi yako EJAT (tuzo za wanahabari Tanzania) au AJEA (za Kenya). Soma kisa cha Janet Cooke wa The Washington Post. Alishinda 1981 kwa habari ya mtoto wa miaka minane aliyetumia heroini; ikabainika mtoto huyo hakuwepo, na tuzo ikarudishwa. Kwa hiyo fungua faili moja yenye sauti za mahojiano, tarehe, nyaraka na namba za vyanzo, mpe mwenzako ambaye hakushiriki kwenye stori, na mwambie aibomoe. Kitakachobaki ndicho utume, na sentensi yako ya hatua ya 2 iwe mwanzo wa barua ya maelezo.