SOMO: Isotopu za strontiamu, ipi ya kuogopa, ipi ya kupimia umri wa miamba

Wakuu, salaam. Kila ikitoka habari ya kinu cha nyuklia kupata hitilafu, jina strontiamu linatajwa na watu wanaanza kuhaha. Wakati huohuo mtu mzima wa kilo 70 anatembea na takriban miligramu 320 za strontiamu mwilini, karibu yote iko mifupani na kwenye meno, na wala haimsumbui. Siri iko kwenye namba inayoandikwa baada ya jina, inayotaja isotopu, yaani aina ya atomu ya elementi ileile inayotofautiana kwa idadi ya nyutroni tu. Somo hili ni la kuisoma namba hiyo. Kalamu na kikokotoo vinatosha, na hatua ya 5 ina logi, msiikimbie.

Hatua ya 1: Anza na 38

Kila atomu ya strontiamu ina protoni 38. Zikiwa 37 hiyo ni rubidiamu, zikiwa 39 ni yitriamu. Wakumbukeni majirani hao wawili, watarudi.

Kwenye jedwali la elementi strontiamu imekaa chini ya kalsiamu na juu ya bariamu, safu moja. Kikemia ni ndugu wa kalsiamu, kwa hiyo utumbo unaifyonza (ingawa kwa uchache kuliko kalsiamu) na mfupa unaijengea humohumo. Mfupa hauna namna ya kuchungulia ndani ya kiini kujua umepokea isotopu gani.

Jina limetokana na Strontian, kijiji cha Scotland chenye migodi ya risasi. Mwaka 1790 Adair Crawford aliona kwamba jiwe la huko halikuwa la bariamu kama ilivyodhaniwa, na mwaka 1808 Humphry Davy akaitenga metali yenyewe kwa kutumia umeme.

Hatua ya 2: Toa 38, upate nyutroni

Chukua namba ya isotopu (ni jumla ya protoni na nyutroni kwenye kiini), toa 38. Strontiamu-88 inabaki na nyutroni 50, 87 ina 49, 86 ina 48, na 84 ina 46. Hizo nne ndizo thabiti, na ndizo unazozikuta kwenye mwamba, maji ya bahari, dagaa na maziwa. Kwa kawaida 88 ni kama asilimia 82.6 ya yote, 86 ni asilimia 9.9, 87 ni asilimia 7.0, na 84 haifiki hata asilimia 1. Namba 88 imetawala kwa sababu nyutroni 50 ni moja ya idadi ambazo kiini hutulia sana.

Sasa strontiamu-90: nyutroni 52. Imezidisha, na haitulii. Hii huzaliwa kiini cha uraniamu au plutoniamu kinapopasuka. Kiini hakipasuki katikati sawasawa. Kipande kimoja huwa chepesi na kingine kizito, na chepesi mara nyingi huangukia uzito wa karibu 90. Katika kila mipasuko 100 ya uraniamu-235, takriban 6 huishia kwenye strontiamu-90. Ndiyo maana iko tele kwenye mabaki ya vinu na mabomu.

Hatua ya 3: Uliza inaoza kuwa nini

Hapa ndipo wengi huishia nusu ya njia. Strontiamu-90 ina nusumaisha (muda wa nusu ya viini kuoza) ya miaka 28.8. Inatoa chembe ya beta (elektroni yenye kasi), nyutroni moja inageuka protoni, na 38 inakuwa 39: tumeingia kwa jirani, yitriamu-90. Huyu naye hatulii. Nusumaisha yake ni saa 64 tu, na beta yake ni kali: hufikia MeV 2.28 (MeV ni kipimo cha nishati), wakati ya strontiamu inaishia MeV 0.55. Baada yake ni zirkoniamu-90, thabiti, safari imekwisha.

Kwa hiyo ukisikia strontiamu-90, jua zipo mbili. Ndani ya mwili beta ya strontiamu hupenya milimita chache tu. Ya yitriamu inaweza kufika kama sentimita moja. Kutoka kwenye mfupa, umbali huo unatosha kuufikia uboho, mahali damu inapotengenezwa.

Njia yake ya kumfikia mtu tuliijua miaka ya 1950, mabomu yalipokuwa yakijaribiwa hewani: mvua, majani, ng'ombe, maziwa, mtoto. Mwaka 1958 huko St. Louis, Marekani, watafiti walianza kuomba wazazi wawapelekee meno ya utoto yaliyong'oka. Yalikusanywa mamia ya maelfu. (Kwetu jino hilo lingerushwa juu ya paa, na ushahidi ungepotea.) Meno ya waliozaliwa wakati majaribio yamepamba moto yalikutwa na strontiamu-90 nyingi kupita ya waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zikatia saini mkataba wa kusitisha majaribio ya hewani, chini ya maji na anga za juu.

Isotopu nyingine nururifu (zinazotoa mionzi) kwa kifupi. Strontiamu-89, nusumaisha siku 50.5, hudungwa wagonjwa ambao saratani yao imesambaa mifupani, kupunguza maumivu; tabia ileile ya kukimbilia mfupani inageuzwa tiba. Strontiamu-82, siku 25, huoza kuwa rubidiamu-82 inayotumika kupiga picha za mtiririko wa damu kwenye moyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya muda na kiasi

Kila miaka 28.8 ikipita, gawa kwa 2. Ajali ya Chernobyl ilikuwa Aprili 1986, kwa hiyo strontiamu-90 iliyomwagika siku zile ilifikia nusu mwanzoni mwa 2015, na itafikia robo mwishoni mwa 2043. Nusumaisha 10 ni miaka 288, ambapo itabaki sehemu 1 kati ya 1,024.

Kiasi nacho kinachanganya watu. Gramu moja ya strontiamu-90 safi hutoa takriban bekereli trilioni 5.1, yaani viini trilioni 5.1 vinaoza kila sekunde. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha bekereli 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Gawa, utaona kuwa bekereli 10 ni kama sehemu 2 za trilioni za gramu. Linganisha na lita moja ya maji ya bahari, yenye karibu miligramu 8 za strontiamu thabiti, mara bilioni 4 ya hiyo, na watoto wanaogelea humo kila siku. Ukiona taarifa imeandika “strontiamu imekutwa majini” bila kutaja isotopu wala bekereli, hiyo taarifa haijakwambia kitu.

Hatua ya 5: Tumia 87 kama saa

Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Jirani wa kushoto, rubidiamu-87, huoza polepole mno kuwa strontiamu-87. Nusumaisha yake ni kama miaka bilioni 49.6. Kwa hiyo 87 huongezeka ndani ya mwamba wenye rubidiamu, ilhali 86 haiongezeki. Uwiano wa 87 kwa 86 ukiwa juu, mwamba una umri mkubwa, au rubidiamu nyingi, au vyote viwili.

Kutenganisha hayo, pima vipande viwili au zaidi vya mwamba mmoja. Tufanye mfano wa kubuni wa itale. Kipande cha kwanza kina rubidiamu-87 kwa strontiamu-86 ya 0.5, na uwiano wa 87/86 ni 0.7200. Cha pili kina 4.5 na 0.8660. Mteremko wa mstari unaoviunganisha ni 0.1460 ÷ 4.0 = 0.0365. Jumlisha 1, chukua logi asilia: ln 1.0365 = 0.03585. Gawa kwa kiwango cha kuoza, 0.000000000013972 kwa mwaka. Jibu ni karibu miaka bilioni 2.57, umri usio wa ajabu kwa itale za kraton ya Tanzania (kipande cha kale cha gamba la dunia), zile za Mwanza na Shinyanga. Kwenye kazi halisi pima vipande vingi, kwa sababu nukta mbili hukubaliana na mstari hata kama data ni mbovu.

Uwiano huohuo hufanya kazi ya cheti cha kuzaliwa. Maji ya bahari ya leo yana 0.7092, na matumbawe yanaurithi, kwa hiyo mtu aliyekulia Unguja au Lamu akila mazao ya ardhi ile hukaribia namba hiyo kwenye enameli ya meno yake. Lava changa ya Ol Doinyo Lengai, ambayo karibu asilimia 1 ya uzito wake ni strontiamu, ina kama 0.704. Bara kwenye itale za kale namba hupanda. Enameli ikishakomaa haijengwi upya, kwa hiyo jino la gego la kwanza hubeba kumbukumbu ya mahali ulipokuwa mtoto mchanga hadi ulipofika umri wa miaka mitatu hivi, hata ukihamia wapi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Tausi: Mwalimu, dawa yangu ya meno ya ganzi imeandikwa strontiamu kloridi. Niitupe?

Jibu: Usitupe, dada. Hiyo ni strontiamu ya kawaida ya mwambani, isotopu nne thabiti. Inasaidia kuziba vijitundu vidogo vinavyopitisha ubaridi hadi kwenye neva. Ila thabiti haimaanishi kwamba ule upendavyo: dawa ya mifupa iitwayo strontiamu raneleti iliwekewa masharti makali Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Hapo tatizo lilikuwa dawa, mionzi haikuhusika.

Mpiga Nondo: Mkuu, shuleni tulifundishwa beta inazuiwa na bati jembamba la alumini. Sasa mbona nasikia kuna watu waliunguzwa na strontiamu iliyofungwa ndani ya chuma?

Jibu: Swali zuri sana, na kisa hicho ni cha kweli. Desemba 2001, karibu na kijiji cha Lia nchini Georgia, wanaume watatu waliokwenda kuokota kuni walikuta vyuma viwili vya moto, theluji imeyeyuka pembeni yake. Usiku ulikuwa wa baridi, wakavitumia kujipasha joto. Usiku huohuo wakaanza kutapika. Baadaye wawili wao walitokwa na vidonda vikubwa mgongoni, na mmoja alifariki mwaka 2004. Vile vyuma vilikuwa na strontiamu-90 ya majenereta ya Kisovieti yaliyotumia joto la kuoza kuzalisha umeme sehemu zisizo na laini ya umeme.

Beta yenyewe kweli haikutoka. Lakini beta kali ya yitriamu ikifunga breki ghafla ndani ya metali, sehemu ya nishati yake hugeuka eksirei, na eksirei inapita kwenye chuma. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hukinga beta kwa plastiki kwanza, halafu risasi nje. Ukianza na risasi unazizidisha eksirei. Na chuma chenye joto kisicho na moto wala waya, usikiguse. Rudi nyuma, zuia watu, toa taarifa.

Kijana wa Njiro: Nikinunua kipima mionzi cha mkononi naweza kupima maziwa ya unga nyumbani?

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Strontiamu-90 na yitriamu yake karibu hazitoi gamma (miale inayopenya mbali), na beta inafia ndani ya unga wenyewe kabla ya kufika kwenye kipimo. Sizamu-137 inaonekana kirahisi kwa gamma. Strontiamu inataka kemia. Maabara huichoma sampuli iwe majivu, huitenga strontiamu, kisha husubiri kama wiki mbili. Kwa nini kusubiri? Yitriamu mpya inakua humo, na kwa siku 14 hufika asilimia 97 ya kiwango cha mama yake. Wanaikamua hiyo yitriamu na kuihesabu, wakiona inapungua nusu kila saa 64 wanajua wamempata mwenyewe. Kwa Tanzania wenye jukumu la kupima mionzi kwenye vyakula ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, pale Arusha. Waulize hao, hela ya kifaa nunua vitabu.

Jiwe Kuu: Rubidiamu-87 na strontiamu-87 zina uzito uleule. Mashine inazitofautishaje?

Jibu: Haizitofautishi, ndiyo maana kazi nyingi hufanyika kabla ya mashine. Unga wa mwamba unayeyushwa kwa asidi, unapitishwa kwenye safu ndogo ya resini ikiwa na asidi ya nitriki. Strontiamu inang'ang'ania, rubidiamu inapita. Kisha unapitisha maji safi na strontiamu inaachia. Ndani ya mashine unauchungulia pia uzito wa 85: strontiamu thabiti haina 85, rubidiamu inayo. Ukiona kitu pale, kuna rubidiamu imeponyoka, rudia kusafisha. Na kabla ya sampuli pima strontiamu ya rejea ambayo uwiano wake wa 87/86 unajulikana, iitwayo SRM 987, isipotoa karibu 0.71025 usiendelee.

Askari Pori: Hii ya uwiano inaweza kujua pembe ya ndovu imetoka hifadhi gani?

Jibu: Inasaidia. Tangu 1990 watafiti wamechapisha kazi wakiunganisha strontiamu, kaboni na naitrojeni ya pembe. Strontiamu peke yake haitoshi, maana Tsavo kwa mfano ina miamba ya kale na lava changa za Chyulu jirani, na ndovu anatembea. Pembe hukua maisha yote, kwa hiyo ukichukua sampuli kwa tabaka unapata safari badala ya wastani.

Fundi Redio: Nafungua sana TV za chogo. Nimesoma kioo chake kina strontiamu. Nimeshaathirika?

Jibu: Ni kweli, kioo cha mbele kiliwekewa strontiamu na bariamu ili kizuie eksirei za mle ndani zisimfikie mtazamaji. Ni ile thabiti, haikufanyi kitu. Vya kuogopa ni viwili: risasi iliyomo kwenye kioo cha nyuma, kwa hiyo usikivunje hovyo wala kukisaga, na chaji ya umeme inayobaki hata baada ya kuchomoa waya. Itoe kwanza, ndipo uingize mkono.