SOMO: Kusia mbegu za bustani wakati wa baridi

Wakuu, kila baridi ikiingia naulizwa yaleyale: mtu anasiaje mbegu na nje ardhi imeganda? Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwangu hii ndiyo kazi tamu kuliko zote za bustani. Nje hakuna hata jani moja la kijani, lakini ndani una trei. Asubuhi unakuta udongo umepasuka, kashingo keupe kamejikunja kama ndoana, na ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kichwani. Siku yako inaanza vizuri.

1. Tafuta tarehe ambayo jalidi (baridi ya kugandisha) huisha kwenu, halafu hesabu kurudi nyuma: vitunguu wiki 10 hadi 12, pilipili 8 hadi 10, nyanya 6 hadi 8. Usiwahishe nyanya kwa hamu. Zitabanana mizizi ndani kabla nje hakujakaa sawa.

2. Trei iwe na matundu chini.

3. Udongo uwe mwepesi, laini na mpya. Wa bustanini acha hukohuko.

4. Fukia kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Saladi iache juujuu, inataka mwanga ili iote.

5. Joto la udongo: nyanya nyuzi 21 hadi 27, pilipili zaidi kidogo. Saladi 15 hadi 20 inatosha.

6. MAJI. Hapa tusome taratibu, maana miche mingi hufia hapa. Udongo uliolowa muda wote, tena kwenye ubaridi, huleta kinyausi: shina linanywea pale linapogusana na udongo, mche unalala, na kesho yake wa jirani nao umelala. Mche ulioanguka hauponi. Kwa hiyo mwagilia kutokea chini: weka trei kwenye sinia lenye maji, udongo ukishalowa juu, itoe. Usimwagilie tena mpaka uso wa udongo uanze kubadilika rangi. Ukifunika kwa nailoni, ifunue mara miche ya kwanza inapochomoza, usingoje yote. Na usisie mbegu kwa kubananisha, hewa lazima ipite katikati.

7. Taa saa 14 hadi 16 kwa siku, sentimita 5 hadi 10 juu ya miche. Ipandishe kadiri inavyokua.

8. Majani halisi (yanayofuata yale ya kwanza kabisa yaliyotoka kwenye mbegu) yakitoka, hamishia kwenye vikopo. Shika jani, usishike shina. Jani likikatika litaota jingine, shina likipondeka mche umekwisha.

9. Izoeshe nje kidogo kidogo siku 7 hadi 10 kabla ya kuipanda.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbegu zangu hazijaota. Tatizo nini?
Jibu: Mbegu gani? Umesia lini? Udongo una joto gani?

Swali: Pilipili. Leo siku ya nne.
Jibu: Pilipili huchukua wiki moja hadi mbili, pakiwa na ubaridi zaidi. Acha kufukua.

Swali: Miche yangu ni mirefu, imelegea. Iko dirishani.
Jibu: Hatua ya 7.

Swali: Lakini dirisha langu lina jua zuri.
Jibu: Jua la baridi ni dhaifu na mchana ni mfupi, ndugu yangu. Nimeandika taa kwa sababu hiyo. Nyanya unaweza kuziokoa ukizihamishia na kuzizamisha shina hadi karibu na majani, zitatoa mizizi hapo.

Swali: Samahani mkuu, kwa nini mrujuani (lavenda) wangu hauoti hata kwenye joto zuri?
Jibu: Swali zuri sana. Kuna mbegu zinazolala mpaka zionje baridi kwanza, zisije zikaota mwanzoni mwa baridi miche ikafa. Zichanganye na mchanga wenye unyevu, weka kwenye friji wiki 4 hadi 6, ndipo usie. Au sia kwenye dumu jeupe linalopitisha mwanga, ulilolikata katikati na kulitoboa chini, ulifunge tena na kuliacha nje bila kifuniko. Theluji ikiliangukia ni sawa. Zitaamka zenyewe wakati ukifika.

Swali: Asante sana! Na mbegu za miaka ya nyuma nitazijuaje kama ni nzima?
Jibu: Weka 10 kwenye karatasi ya tishu yenye unyevu, ndani ya mfuko, mahali pa joto. Zikiota 7, ni asilimia 70, zifaidi. Zikiota 3, sia nyingi zaidi. Za nyanya zikitunzwa pakavu hudumu miaka minne au zaidi, ila za vitunguu usiziamini baada ya mwaka mmoja au miwili.